Basi la kukodi Babati: bei ya maneno humgharimu mteja na mwenye gari

Msimu wa safari za vikundi katika mji wa Babati hauna tarehe rasmi, lakini wafanyabiashara wa stendi wanaujua. Huanza kuelekea Sabasaba, hupanda kwa Nanenane, hutulia kidogo wakati wa mavuno, kisha huja Desemba ambapo kila mwenye Coaster hujiona tajiri. Katika vipindi hivyo, mteja anayefika kwa wakala wa mabasi si yule wa tiketi moja. Ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kutoka Nakwa, mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mwenye barua ya shule, au shemeji wa marehemu aliyetumwa atafute gari la kupeleka msiba Rombo. Wote huuliza swali moja: "Gari ni shilingi ngapi?"

Swali hilo ndilo chanzo cha hasara nyingi katika biashara hii. Bei hutajwa kwa mdomo, arubuni hutolewa kwa simu, na watu hushikana mikono. Hakuna aliyeandika gari litatoka saa ngapi, litabeba watu wangapi, litasubiri au litarudi, dereva atalala wapi na nani atalipa endapo gari litakufa njiani. Siku ya safari kila upande huja na makubaliano yake kichwani, na mara nyingi hayafanani.

Ni jambo la kushangaza, kwa sababu Babati ni mji uliojengwa na barabara. Njia za Arusha, Dodoma na Singida hukutana hapa. Mwaka 2002 ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara kwa kuumega ule wa Arusha, mji huu ukawa makao makuu, na safari za kiofisi nazo zikaongezeka. Badiliko kubwa zaidi lilikuja Aprili 2018, ilipozinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, yenye urefu wa kilometa 251. Kabla ya hapo, kikundi kilichotaka kwenda Dodoma au Dar es Salaam kwa basi la maana kilizunguka kupitia Arusha au Singida, au kilikula vumbi la Kondoa siku nzima. Leo kwaya inatoka Babati alfajiri na mchana iko Dodoma. Soko limepanuka, ila namna ya kuuziana imebaki ile ya zamani.

Ifanywe hesabu ndogo. Chukua kikundi cha watu 25 kutoka Nakwa wanaotaka kwenda maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Kaskazini pale Themi, Njiro, Arusha. Kutoka Babati hadi Arusha ni kama kilometa 170. Katika nauli kikomo zilizotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) Desemba 2023, basi la mikoani la daraja la kawaida liliwekewa shilingi 48.47 kwa abiria mmoja kwa kilometa moja. Kwa kipimo hicho abiria mmoja analipa kama shilingi 8,240 kwenda, na watu 25 wanalipa 206,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 412,000.

Nauli kikomo haipangi bei ya kukodi. Bei ya kukodi ni ya mapatano. Lakini hesabu hiyo humpa mteja mahali pa kusimama. Akiambiwa shilingi 500,000, anajua kwamba kila mtu atalipa 20,000 badala ya 16,480 za tiketi, yaani ziada ya shilingi 3,520. Kwa ziada hiyo atachukuliwa Nakwa mlangoni, hatagombea kiti stendi, atashushwa Njiro kwenye geti, na jioni gari litamsubiri. Hapo mtu mwenye akili hawezi kulalamika kwamba ameibiwa. Akiambiwa 900,000 kwa safari hiyo hiyo ya siku moja, ana haki ya kuuliza kilichomo.

Hatari ya kikundi, hata hivyo, haiko sana kwenye bei ya gari. Iko kwenye viti vitupu. Wanachama 25 wakijiandikisha na 18 tu wakaonekana asubuhi, zile 500,000 zinakuwa 27,778 kwa kila aliyepanda. Katibu hujikuta akitoa fedha ya mfuko wa kikundi, au yake mwenyewe, na mkutano unaofuata hugeuka kesi. Vikundi vinavyoendeshwa kibiashara vimeacha kukusanya nauli siku ya safari. Hukusanya yote siku 7 kabla, na aliyelipa asipotokea, kiti chake ni chake na fedha hairudi. Ni sheria kali kwa jirani na ndugu, lakini ni nafuu kuliko ugomvi.

Upande wa pili wa daftari ni mwenye gari. Wateja wengi hudhani yeye huchuma bure kwa sababu gari "lipo tu". Safari hiyo ya Njiro, ukichanganya mizunguko ya kuchukua na kushusha watu, ni kama kilometa 400. Coaster inayokwenda kilometa 6 kwa lita itakunywa lita 67. Ikiwa dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita (bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, hivyo kila mtu aweke ya wakati wake), mafuta pekee ni shilingi 187,600. Bado posho ya dereva na utingo, bado matairi, oili, maegesho, na bado siku nzima ambayo gari halikuleta hesabu ya njiani.

Sasa mteja akisukuma bei hadi 250,000 na mwenye gari akakubali, zinabaki 62,400 kulipia vyote hivyo. Hapana mfanyabiashara anayekubali hasara kwa mapenzi. Fedha iliyopungua itatafutwa mahali pengine, na mahali penyewe panajulikana. Kikundi kikishashushwa kwenye maonyesho, gari hutoweka. Dereva amekwenda kupiga tripu mbili za haraka, na saa 11 jioni watu wako getini na mizigo yao huku simu yake haipatikani. Au wakati wa kurudi, gari lililokodiwa na watu 25 linasimama kila kituo kuokota abiria, na mama aliyelipia kiti anambeba mtoto wa mtu asiyemjua. Au, mbaya zaidi, matairi yaliyopaswa kubadilishwa wiki iliyopita yanasubiri wiki ijayo.

Kwa hiyo bei ya chini mno si ushindi wa mteja. Ni taarifa kwamba kuna kitu kitaondolewa, na yeye hakuambiwa kipi.

Wenye magari nao wana malalamiko ya kweli. Kikundi kimesema watu 25, wanakuja 34 na ngoma mbili, meza na masufuria ya pilau. Safari ilikuwa Babati hadi Arusha, lakini ikifika mchana mwenyekiti anasema "tupitie Usa River kidogo kumsalimia mjomba". Kidogo hiyo ni saa tatu na lita kadhaa. Harusi iliyopangwa kwisha saa 4 usiku inakwisha saa 9, na dereva yuleyule anatakiwa awe barabarani alfajiri. Viti huchanwa, vioo hupasuliwa, na hakuna wa kudaiwa kwa sababu aliyekodi ni "kamati". Mwenye gari aliyechomwa mara mbili namna hiyo hupandisha bei kwa kila mteja anayefuata, awe mwema au mbaya. Ndiyo maana bei za kukodi Babati hazieleweki: ndani yake kuna bima ya uchungu wa safari zilizopita.

Dawa yake ni karatasi moja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha mbele ya hakimu ni kazi nyingine. Karatasi yenye namba ya gari, tarehe na saa ya kuondoka, mahali pa kuanzia na pa mwisho, idadi ya abiria, bei yote na kiasi kilichotangulizwa, na majina ya pande mbili pamoja na saini, haihitaji wakili. Iongezwe mistari michache ambayo watu husahau: mafuta ni ya nani, chakula na malazi ya dereva ni ya nani, saa ya ziada ya kusubiri ni kiasi gani, gari likiharibika, mwenye gari ataleta jingine ndani ya saa ngapi, au atarudisha nini, na safari ikiahirishwa, arubuni inakwenda wapi.

Hilo la mwisho ndilo lenye fedha nyingi. Desturi ya stendi ni kwamba arubuni hailudi. Mwenye gari husema amekataa wateja wengine kwa ajili yako, na ni kweli kama umeahirisha jana yake. Lakini aliyeahirisha wiki 3 kabla, gari likapata mteja mwingine siku hiyo hiyo, ameliwa bure. Ngazi ya marejesho ingekuwa haki: ukitoa taarifa mapema unarudishiwa sehemu kubwa, ukichelewa unapata kidogo, ukikaa kimya unakosa. Vilevile mwenye gari anayemtupa mteja usiku wa kuamkia safari kwa sababu amepata harusi yenye bei nono arudishe arubuni na fidia juu. Kwa sasa hurudisha arubuni tu, tena kwa awamu, na huona amefanya ihsani.

Yako pia mambo ya Mungu. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalivamia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuziba barabara ya Babati kwenda Singida. Kwa waliokuwa wamekodi magari ya kwenda upande ule, suala la arubuni lilikuwa dogo mbele ya msiba, na hakuna aliyestahili kulaumiwa. Lakini mfanyabiashara makini huandika hata hilo: njia ikifungwa, safari inasogezwa mbele bila gharama mpya, au fedha inarudi baada ya kutoa mafuta yaliyokwisha kutumika. Mvua za Manyara hazijaacha kunyesha.

Suala la leseni na bima linapuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloweza kumfilisi mtu. Basi lenye leseni ya Babati–Arusha haliendi Tanga kwa sababu tu kwaya imelipa. Linahitaji kibali cha LATRA cha kutoka nje ya njia yake kwa safari ya kukodiwa. Gari binafsi, ile Hiace ya mtu anayeiendesha dukani kwake, bima yake ni ya gari binafsi. Siku ikibeba watu kwa malipo na ikapinduka, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa madai, na majeruhi watabaki kumtazama mwenye duka. Mteja asione haya kuomba kuonyeshwa stika ya bima na kuihakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Ni kazi ya dakika chache kwa simu. Mwenye gari anayekasirika kwa kuombwa karatasi amekwisha kujibu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wakubwa wa mjini na kwamba watu wa kawaida wanajuana. Mei 6, 2017 basi dogo la shule ya msingi ya Arusha lililokuwa likipeleka wanafunzi Karatu kwa mtihani wa pamoja na shule nyingine lilitumbukia bondeni eneo la Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Lile halikuwa gari la kukodi, lilikuwa la shule yenyewe. Lakini mashtaka yaliyofunguliwa baadaye Arusha yaligusa mambo yale yale ambayo vikundi havitaki kuyauliza: leseni ya kusafirisha abiria, mkataba wa dereva, na wingi wa watu ndani ya gari. Mzazi wa Babati anayetia saini barua ya safari ya shule huulizwa mchango ni kiasi gani. Ni mara chache huambiwa gari ni la nani na linaendeshwa na nani.

Na hilo la "nani" lina uzito wake. Gari zuri hukodiwa mchana, dereva wake akaonekana mtu mzima mwenye heshima, halafu usiku wa safari anakuja kijana mwingine, deiwaka, ambaye hakuna aliyemwona kabla. Dereva mwenyewe amechoka au amepewa gari jingine. Jina la dereva na namba ya leseni yake viandikwe kwenye karatasi ile ile, na akibadilishwa mteja aambiwe kabla.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, vikundi vingi vimependa kuondoka saa 3 usiku ili kukwepa gharama ya nyumba za kulala wageni. Kwa kikundi kinachokwenda Dar es Salaam akiba hiyo inaonekana kubwa. Itazamwe tena. Babati hadi Dar es Salaam kupitia Dodoma ni kama kilometa 700. Basi linaloheshimu mwendo wa kilometa 80 kwa saa, hata lisiposimama popote, linahitaji saa 8 na dakika 45. Hiyo ni kazi ya madereva wawili. Mteja anayekodi kwa dereva mmoja, usiku, baada ya dereva huyo kushinda kutwa njia ya Arusha, ameokoa bei ya kitanda kimoja. Mwenye gari asiyetaka kulipa dereva wa pili aambiwe wazi kwamba gharama hiyo iongezwe kwenye bei, na kikundi kiilipe bila kunung'unika.

Kwa mwekezaji mdogo anayesoma ukurasa huu akiwaza kununua Coaster ya kukodisha tu, jibu la sasa ni kwamba Babati peke yake haitalisha gari hilo. Msimu ni mfupi, na katikati yake kuna majuma ambayo simu hailii. Gari lenye njia yake ya kila siku, linalochomolewa kwa safari za vikundi siku ambazo bei inalipa, lina hesabu nzuri zaidi. Kipimo chake ni rahisi: siku ya kukodi ilipe angalau ile hesabu ambayo gari lingeleta njiani, pamoja na mafuta, posho na kitu cha matairi. Ikiwa chini ya hapo, heri gari libaki njiani. Lakini mwenye njia asisahau kwamba siku anayoichomoa gari, abiria wake wa kila siku wanapanda la jirani, na wengine hawarudi.

Zipo nafasi ambazo bado hazijachukuliwa. Ofisi za serikali, mashirika na shule zinahitaji risiti ya mashine ya EFD, mkataba na akaunti ya benki ya kulipia. Wenye magari wengi wa Babati hawana vyote vitatu, hivyo kazi hizo huchukuliwa na magari kutoka Arusha, ambayo huja yakiwa matupu, na mteja wa Manyara hulipia kilometa 170 za gari tupu kabla safari yake haijaanza. Wenye Coaster watatu au wanne wakiungana, wakasajili jina moja, wakawa na daftari moja la maombi, wangeweza kuikamata biashara hiyo, na pia kupeana gari la akiba moja likiharibika. Mazungumzo ya namna hiyo stendi yamekuwapo mara nyingi; yamekuwa yakivunjika kwenye swali la nani ashike fedha.

Safari ya kwenda tu, bila kurudi, nayo ina ubishi wake wa kudumu. Familia inayopeleka maiti Kilimanjaro na kubaki huko kwa matanga huona inaonewa inapotozwa kana kwamba gari limekodiwa kwenda na kurudi. Gari halina budi kurudi, na mafuta ya kurudi ni yale yale. Kinachoweza kupunguzwa ni gharama ya kusubiri na posho ya kulala, na mwenye gari muungwana huipunguza bila kuombwa. Kwenye msiba bei hupatana haraka kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kubishana, na wapo wanaoitumia nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo vikundi kadhaa vya kufa na kuzikana vimeanza kupatana bei na mwenye gari mmoja mwanzoni mwa mwaka, kabla hajafa mtu.

Kwa Desemba, wanaokwenda Moshi, Rombo na Same wapatane na kutanguliza fedha kabla ya Novemba kwisha. Katika juma la mwisho kabla ya Krismasi magari yenye leseni na matairi mazuri huwa yamekwisha kuchukuliwa, na yaliyobaki stendi yamebaki kwa sababu.